Siku Saba Kabla ya Mashine: Hotuba kwa Wafugaji wa Kuku wa Mwanza

Ndugu Mwenyekiti, mama zangu na baba zangu mliotoka Igoma, Kisesa, Buhongwa, Misungwi na ng'ambo ya Sengerema, na ninyi vijana mliokuja na madaftari, mwangaluka.

Nimeombwa nizungumze juu ya mashine za kutotolesha vifaranga, na nitazungumza juu yake kabla sijakaa. Hata hivyo naomba mnivumilie nikianzia mahali pengine, kwa sababu katika miaka kumi na mitano ya kazi hii nimepokea wafugaji wengi waliofika kwangu wamekata tamaa, kila mmoja akisema mashine aliyouziwa ni mbovu, na nilipowauliza mayai yao yalikaa wapi kabla ya kuingia mashineni, wengi walinijibu kwa neno moja tu: ndani. Ndani wapi, kwenye joto gani, yamesimama au yamelala, yalianza kukusanywa lini, hayo hawakuwa wameyatilia maanani. Ninaamini kwamba vifaranga wengi tunaowakosa hapa Mwanza huwa wamekwisha potea katika siku hizo ambazo hatuzihesabu, zile za kati ya kiota na mashine, na leo nataka tuzihesabu pamoja.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya mayai 264. Nilikuwa na matetea wachache wa kienyeji, na kwa kuwa niliona vibaya kuiwasha ikiwa nusu tupu wakati umeme utalipiwa vilevile, nilikusanya mayai kwa majuma matatu, nikaongezea ya majirani, nikayapanga kwenye trei juu ya kabati la jikoni, karibu kabisa na bati. Siku ya 21 walitoka vifaranga 41. Nilikaa mbele ya mashine mpaka siku ya 23 nikingoja wengine, na hakuna aliyekuja. Mke wangu ndiye aliyesema tupasue yale yaliyobaki tuone ndani mna nini, na tulichokiona ndani ndicho kilichonifanya nijifunze kazi hii upya. Nitayarudia mayai hayo viza baadaye, maana ndiyo yaliyokuwa mwalimu wangu.

Kwanza tukubaliane yai ni kitu gani. Yai lililorutubishwa na jogoo, siku linapoangukia kwenye kiota, limekwisha kuwa na uhai wa takribani siku nzima. Lilipokuwa bado linashuka katika mirija ya uzazi ya kuku, ndani ya joto la mwili wake ambalo hufika nyuzi 41 za Selsiasi, kiinitete, yaani chanzo cha kifaranga, kilikuwa kinakua, na kile kidoa cheupe mnachokiona juu ya kiini cha njano tayari kina maelfu ya chembe hai. Yai likitoka nje hupoa, na kiinitete husimama kukua. Kinakuwa kama mtu aliyelala: yu hai, lakini hasogei. Wataalamu wengi huuweka mpaka wa usingizi huo kwenye nyuzi 20 au 21. Chini ya hapo kinalala, na juu ya hapo kinaanza kuamka, ila joto la nyuzi 27 au 28 haliwezi kukikuza kwa ukamilifu wake. Hukua kwa kusuasua, sehemu moja ikitangulia na nyingine ikibaki nyuma, mpaka kinadhoofika na kufa kabla mwenye mayai hajawasha mashine.

Sasa tazameni hali ya hewa yetu. Mchana hapa Mwanza joto hufika nyuzi 27 au 28 kwa kawaida, na chini ya bati lisilo na dari hupanda zaidi ya hapo. Usiku hushuka kuelekea nyuzi 18. Maana yake ni kwamba yai lililoachwa juu ya kabati kama nilivyofanya mimi huamshwa kila mchana na kulazwa kila usiku, siku ishirini mfululizo. Hakuna mashine duniani inayoweza kulirejesha yai hilo.

Mahali pazuri pa kuhifadhia mayai ya kutotolesha pawe na nyuzi 15 hadi 18, na hewa yenye unyevu wa asilimia 75 hivi ili yai lisikauke. Najua wengi wetu hatuna chumba cha ubaridi, na jokofu la nyumbani halifai, kwa kuwa baridi yake hukaribia nyuzi 4 na hukiua kiinitete badala ya kukilaza. Lakini nani hapa hajanywa maji ya mtungi? Maji yale hupoa kwa sababu udongo unavuja jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Kwa njia hiyohiyo, chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, kati yake pakawekwa mchanga unaolowanishwa asubuhi na jioni, hushusha joto kwa nyuzi kadhaa, hasa kuanzia Juni hadi Agosti wakati hewa yetu ni kavu. Katika masika chombo hicho husaidia kidogo tu, kwani hewa ikiwa imeshiba maji jasho haliondoki. Hapo kimbilieni chumba chenye kuta nene za matofali ya udongo, chenye dari, upande usiopigwa na jua la alasiri, na trei ziwekwe karibu na sakafu. Wekeni kipimajoto hapo siku tatu mfululizo, mkisome saa nane mchana na alfajiri, kabla hamjaamua kwamba chumba hicho kinafaa. Hisia za mikono zinadanganya.

Jambo linalofuata ni idadi ya siku, na hapa naomba tusihurumiane. Yai lililohifadhiwa vizuri hubaki na nguvu yake kwa siku saba. Baada ya hapo uwezo wake wa kuanguliwa hupungua, mwanzoni kwa makadirio ya nusu asilimia hadi asilimia moja kwa kila siku inayoongezeka, kisha kwa kasi zaidi. Kama chumba chako kina joto la nyuzi 25, usijipe siku saba, jipe nne. Tena, kila siku ambayo yai limehifadhiwa huchelewesha kutoka kwa kifaranga kwa takribani saa moja, kwa hiyo ukichanganya mashineni mayai ya jana na ya majuma mawili, vifaranga wa kwanza watakuwa wamekauka na kuanza kulia wakati wenzao hawajadonoa ganda, nawe utashindwa kujua ufungue lini. Andikeni tarehe kwenye kila yai kwa penseli. Wino wa kalamu za alama una kemikali zinazoweza kupenya, kwa kuwa ganda la yai lina maelfu ya vitundu visivyoonekana kwa macho, na kwa vitundu hivyo kifaranga huvuta hewa.

Mtaniuliza: mwenye matetea 20 atajazaje mashine ya mayai 264 kwa siku saba? Hatajaza, na wala asijaribu. Ninachowaomba, na ndilo ombi langu kubwa leo, ni kwamba wafugaji watano au sita wa mtaa mmoja wakubaliane juma moja kwa mwezi liwe juma la kukusanya. Kila mmoja atunze mayai yake kwa siku saba, ayaandike tarehe na jina, kisha yaingie mashineni siku moja kwa yeyote mwenye mashine, kwa malipo mtakayopatana. Mayai ya siku nyingine yaliwe au yauzwe sokoni. Najua inauma kumuuzia muuza chipsi yai ambalo lingeweza kuwa kuku, lakini yai la siku 20 ni umeme unaoteketea bure, na wakati mwingine linapasuka mashineni na kuyachafua mengine.

Kuna mama mmoja aliwahi kunipinga kwa hoja nzuri, na naiheshimu hoja yake mpaka leo. Alisema tetea wa kienyeji hutaga yai moja kila siku au kila baada ya siku moja, hufikisha mayai 12 kichakani, ndipo huatamia, na bado huwatoa karibu wote. Mbona yale ya kwanza, yenye majuma mawili, hayaharibiki? Alisema kweli. Jibu ni kwamba kila anapokwenda kutaga, kuku huyakalia mayai yaliyotangulia kwa muda mfupi na kuyapasha joto la kweli la mwili wake, kisha huondoka yakapoa. Watafiti wamelithibitisha hilo katika miaka ya karibuni: mayai yanayolazimika kuhifadhiwa muda mrefu yakipashwa joto la mashine kwa saa chache, kisha yakarudishwa kwenye ubaridi, huanguliwa vizuri kuliko yaliyoachwa tu. Tofautisheni lakini joto hilo kamili la muda mfupi na lile la chini ya bati, ambalo si la kulaza wala la kukuza.

Usafi nitausema kwa ufupi ingawa uzito wake ni mkubwa. Yai likiwa bado na joto la kuku, na likianza kupoa, vitu vya ndani hunywea na hewa huvutwa kupitia vitundu vya ganda, na hapo ndipo kifuko cha hewa kinapojitokeza upande ule butu. Kama ganda lina kinyesi au limelowa wakati huo, vijidudu huvutwa pamoja na hewa. Kwa hiyo viota viwe na maranda makavu au nyasi kavu, mayai yaokotwe mara tatu au nne kwa siku, na yasioshwe, kwa sababu lile jasho jembamba ambalo kuku huliacha juu ya ganda likakauka ndilo kinga yake. Lenye uchafu kidogo likwanguliwe polepole kwa kitu kikavu, na lenye uchafu mwingi liachwe, kama vile lenye ufa au lililopinda. Uvundo wote mnaousikia kwenye mashine za watu huanzia kiotani.

Mayai yasimame kwenye trei, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Yakikaa zaidi ya siku saba kwa dharura, wekeni kipande cha tofali chini ya upande mmoja wa trei asubuhi, na jioni mkihamishie upande wa pili, ili kiini kisigande kwenye ganda. Na mayai yaliyosafiri, yawe yametoka Magu kwa bodaboda au yamevuka daraja la Kigongo na Busisi ndani ya basi, yapumzike usiku mzima yakiwa wima kabla ya kuwekwa mashineni. Yakitolewa kwenye ubaridi pia yasiingizwe moja kwa moja. Yaacheni saa sita hadi kumi na mbili yazoee joto la chumba, mahali penye upepo mwanana, kwani yai baridi likikutana ghafla na hewa yenye unyevu hutoka jasho, na jasho hilo hufungulia vijidudu mlango.

Ninawaombea mayai, lakini nisisahau wazazi wake. Jogoo mmoja mwenye afya atosheleze matetea wanane hadi kumi. Tetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini mwake, na anaweza kuendelea kutaga mayai yenye uhai kwa takribani majuma mawili baada ya jogoo kuondolewa. Chakula chao hufika mpaka ndani ya yai: tetea aliyekosa vitamini, hasa B2, hutaga yai linaloonekana zuri ambalo kiinitete chake hufa katikati ya safari. Sisi tuna dagaa wa ziwa mlangoni petu na mchicha bustanini, hatuna sababu ya kuwanyima. Pia kuna magonjwa ambayo mama humpa mtoto ndani ya yai, kama vile homa ya matumbo ya kuku na mharo mweupe, kwa hiyo banda lenye magonjwa hayo lisitoe mayai ya kutotolesha hata kama matetea wamepata nafuu.

Sasa tuingie mashineni. Wamisri walitotolesha mayai kwa maelfu katika tanuri za matofali ya udongo, bila umeme, kwa zaidi ya miaka 2,000, na mafundi wao walipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho. Naikumbuka habari hiyo kila ninapoyatazama maji ya ziwa letu, kwa kuwa ndiyo yanayoshuka na mto Naili mpaka kwao. Walifanikiwa kwa sababu walikuwa pale pale usiku na mchana, na mashine ya kisasa, pamoja na saa na taa zake, bado inahitaji mtu wa namna hiyo.

Mashine yenye feni iwe na nyuzi 37.5 hadi 37.8. Isiyo na feni ipimwe usawa wa juu wa mayai, na hapo isome 38.3 hadi 38.8, maana hewa yake ya juu ina moto kuliko ya chini. Msiamini namba ya kwenye kioo cha mashine peke yake. Nunueni kipimajoto cha pili mkilinganishe. Joto likizidi kwa nyuzi mbili au tatu kwa saa chache huua, ilhali upungufu wa muda mfupi huchelewesha tu. Mama kuku mwenyewe huacha kiota kila siku kwenda kula. Kwa hiyo umeme ukikatika katika siku za mwanzo, fungeni milango, funikeni mashine kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa, na msiifungue kila baada ya dakika tano kutazama. Ukikatika baada ya siku ya 15, jueni kwamba mayai yenyewe sasa yanatoa joto, na kwamba feni iliyosimama imeyanyima hewa, kwa hiyo hapo hofu kubwa ni kukosa pumzi, na milango ifunguliwe kidogo mara kwa mara.

Mayai yageuzwe mpaka siku ya 18. Mashine nyingi hugeuza kila saa, na anayegeuza kwa mkono asipungukiwe na mara tatu kwa siku, au mara tano, ili upande uliolala usiku wa leo usiwe ule wa jana.

Juu ya unyevu nina neno kwa ajili ya pwani hii ya ziwa. Vitabu husema asilimia 50 hadi 60 kwa siku 18 za kwanza, na asilimia 65 hadi 75 kwa siku tatu za mwisho. Lakini anayefuata kanuni ya kujaza maji kama anavyofanya mwenzake wa Dodoma, ambako hewa ni kavu, hapa atawazamisha vifaranga ndani ya mayai. Njia ya uhakika ni mizani ya jikoni. Yai linatakiwa kupoteza asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18. Trei ya mayai 30 ya kienyeji yenye gramu 45 kila moja ina gramu 1,350 mbali na trei yenyewe, kwa hiyo siku ya 9 iwe na gramu 1,270 hivi, na siku ya 18 iwe karibu na 1,190. Ikiwa haijapungua kiasi hicho, punguzeni maji. Ikiwa imepungua mno, ongezeni. Mimi katika masika huwa siweki maji kabisa kwa siku kumi za kwanza, na mizani ndiyo inayonipa ujasiri huo.

Baada ya siku ya 18 ni kuacha kugeuza, kuongeza maji, kufungua matundu ya hewa na kutulia. Siku ya 20 kifaranga hutoboa kifuko cha hewa na kuvuta pumzi ya kwanza, kisha hudonoa ganda na kupumzika kwa saa nyingi, wakati mwingine nusu siku. Anayefungua mashine ili amsaidie humkausha yeye na wenzake. Kifaranga aliyetoka ana akiba ya kiini tumboni inayoweza kumtosha hadi saa 72, kwa hiyo hata anayesafirishwa kwa meli kwenda Ukerewe hatakufa njaa, ila apewe maji mapema iwezekanavyo afikapo.

Narudi kwenye yale mayai 223 niliyoyapasua na mke wangu. Mengi yalikuwa na pete nyembamba ya damu na si zaidi, ishara kwamba kiinitete kilianza na kufa ndani ya siku tatu au nne za mwanzo, na pete hizo nyingi namna ile humnyooshea kidole aliyehifadhi mayai vibaya au muda mrefu. Machache yalikuwa safi ndani kama yai la kula, bila dalili ya kukua, maana hayakuwahi kupata jogoo. Waliokufa wakiwa wamekamilika walikuwa sita. Kama mashine ingekuwa mbovu, kama nilivyokuwa nimekwisha mtangazia kila mtu, hesabu ingekuwa kinyume: wangekuwa wengi waliofia mwishoni, wenye maji mengi au waliogandia kwenye utando. Mzunguko uliofuata niliweka mayai 90 tu, ya siku sita, yaliyolala kwenye vyungu, na walitoka vifaranga 71 kutoka mashine ileile.

Nimekuja na trei mbili za mayai yaliyobaki mashineni kwangu siku ya 22, na mabakuli ya kupasulia. Tukimaliza chai tutoke nje tusimame upande ambao upepo unatoka ziwani, tuyapasue moja moja, na kila mmoja aandike kwenye daftari lake kile anachokiona kabla mimi sijasema neno.